Kutoka Cheddington hadi Berkhamsted: Mfereji, Reli na Ardhi ya Wote

Vilima vya Chiltern vimejipanga kaskazini-magharibi ya London, na kwa mtu aliyekulia Usambara au kwenye miteremko ya Aberdare ni matuta tu: sehemu yao ya juu kabisa haifiki mita 270 juu ya usawa wa bahari. Lakini kwa maji, na kwa garimoshi lenye mabehewa mazito, tuta la mita 100 ni ukuta. Ndiyo maana kila aliyetaka kutoka London kwenda kwenye viwanda vya kaskazini alitafuta pengo, na mojawapo ya mapengo hayo liko Tring, katika kaunti ya Hertfordshire. Warumi walipitisha hapo barabara yao ya Akeman Street. Karne ya 18 ilipokuwa ukingoni ukachimbwa mfereji. Mwaka 1837 ikafika reli. Mfereji na reli hiyo vinakwenda bega kwa bega hadi leo, na aliyesimama kando ya maji husikia treni zikivuma upande wa pili wa miti.

Njia ninayoizungumzia inaanza stesheni ya Cheddington na kuishia stesheni ya Berkhamsted. Zote mbili ziko kwenye reli moja ya kwenda stesheni ya Euston, London, na kwa treni ni kama robo saa. Kwa miguu, ukifuata mfereji hadi Tring, kisha ukapanda kupitia kijiji cha Aldbury na misitu ya Ashridge, ni takriban kilomita 20, kazi ya siku nzima kwa mtu asiye na haraka. Wengi huitembea kwa ajili ya mandhari, na mandhari yapo. Mimi naithamini kwa sababu nyingine. Sijui njia nyingine fupi kiasi hiki inayoonyesha waziwazi jinsi ardhi inavyofungwa, jinsi inavyofunguliwa, na nani hulipa gharama.

Cheddington penyewe hapahitaji maneno mengi. Mwaka 1839 palitolewa tawi la reli kwenda mji wa Aylesbury, mojawapo ya matawi ya kwanza kabisa ya reli duniani. Lilifungwa katikati ya karne ya 20. Kilomita chache kaskazini ya stesheni, alfajiri ya tarehe 8 Agosti 1963, genge la wezi lilisimamisha treni ya posta iliyotoka Glasgow na kuondoka na zaidi ya pauni milioni 2.6. Wenyeji huulizwa habari hiyo kila siku. Vitabu vimeandikwa na filamu zimetengenezwa, na ukweli ni kwamba wizi ule haukubadilisha chochote katika maisha ya watu wa bonde hili. Uliobadilisha ni mfereji.

Bunge liliupitisha kwa sheria ya mwaka 1793. Mhandisi mkuu alikuwa William Jessop, na mwenyekiti wa kampuni alikuwa mwanabenki William Praed. Ulikusudiwa kuunganisha kijiji cha Braunston, katikati ya Uingereza, na mto Thames pale Brentford, magharibi ya London: maili 93, karibu kilomita 150. Kabla yake, makaa ya mawe na bidhaa za viwandani zilizunguka kwa mfereji wa Oxford na kuteremka na Thames, mto ambao maji yake hupungua wakati wa kiangazi na kufurika wakati wa baridi. Njia mpya ilikata karibu maili 60 za safari. Ilikamilika mwaka 1805, lilipofunguliwa handaki refu la Blisworth. Ukiitwa wakati huo Grand Junction, mfereji huu ulichukua jina la Grand Union mwaka 1929, kampuni kadhaa zilipounganishwa, na ndilo jina lililoandikwa kwenye ramani za leo.

Ufikapo kando yake, mwanzoni utaona maji yaliyotulia, mashua nyembamba zilizopakwa rangi nyekundu na kijani, na njia ya udongo iliyobanwa kati ya maji na ua wa miiba. Njia hiyo haikutengenezwa kwa ajili yako. Ilikuwa ya farasi. Farasi mmoja barabarani aliweza kuvuta mzigo wa tani moja au mbili kwa taabu. Farasi huyohuyo, akiivuta mashua kwa kamba juu ya maji matulivu, alikwenda na tani 25 au zaidi kwa mwendo wa mtu anayetembea. Hesabu hiyo ndiyo iliyowafanya matajiri waweke fedha zao kwenye kuchimba mifereji. Tazama kingo za mawe na pembe za chuma chini ya madaraja ya zamani ya mifereji ya Uingereza: mara nyingi zina michirizi iliyozama ndani kabisa, mahali ambapo kamba zenye mchanga na maji zilisugua kila siku kwa zaidi ya miaka 100.

Kutoka Cheddington mfereji unapanda kuelekea kusini, na kwenye kijiji cha Marsworth unapanda kwa nguvu: malango saba yamefuatana hadi kileleni. Lango la mfereji ni chumba kirefu cha matofali chenye milango mizito ya mbao mbele na nyuma. Mashua huingia maji yakiwa chini, milango ya nyuma hufungwa, maji huachiliwa kutoka juu, chumba hujaa, na mashua hupanda pamoja na maji hayo. Hakuna injini inayohitajika. Uzito wa maji na bega la mtu anayesukuma boriti ya mlango vinatosha, na watoto wa mabaharia waliifanya kazi hiyo tangu wakiwa wadogo sana.

Lakini maji hayo hutoka wapi? Hapa ndipo ninapowavulia kofia wahandisi. Kila mashua inayovuka kilele cha Tring huondoa chumba kizima cha maji upande wa kupanda na kingine upande wa kuteremka, na chumba kimoja hubeba takriban lita 250,000. Kilele kina urefu wa kilomita tano hivi na hakuna mto mkubwa unaokipitia. Bila maji ya ziada kingekauka. Kampuni ikachimba mabwawa chini ya kilima: Wilstone mwaka 1802, Marsworth 1806, Tringford 1816, Startops End 1817, pamoja na pampu za mvuke za kuyasukuma maji hadi juu. Ukipanda malango ya Marsworth, mabwawa yako upande wako wa kulia, mapana na ya kijivu, na wavuvi wa ndoano wamekaa kimya kando yake. Yalichimbwa kwa ajili ya makaa ya mawe, nayo yakawa makazi ya ndege: mwaka 1938 ndege mmoja mdogo wa matopeni, ambaye hakuwahi kujulikana kutaga katika Uingereza, alitaga hapo kwa mara ya kwanza.

Mradi mmoja wa maji ulishindwa, na ni haki kuutaja pia. Tawi la kutoka Wendover lilichimbwa kuleta maji ya chemchemi za huko hadi kileleni. Udongo wa chaki hauwezi kushika maji kama haukufinyangiwa udongo mfinyanzi vizuri, na tawi hilo lilivuja miaka nenda miaka rudi, hata ikafika wakati lilikuwa likinyonya maji ya kilele badala ya kuyaleta. Mwaka 1904 sehemu yake ikaachwa. Siku hizi watu wanaojitolea wanaifufua, wakiitengeneza kipande kwa kipande.

Waliofanya kazi juu ya maji haya hawakuacha maandishi mengi. Reli ilipoanza kuwanyang'anya shehena, nauli za mfereji zilishuka, na mwenye mashua akaona nafuu kuacha nyumba ya nchi kavu na kuwapakia mke na watoto ndani ya mashua kama wafanyakazi wasiolipwa. Familia nzima iliishi kwenye chumba cha nyuma chenye urefu wa mita tatu hivi, na jiko, kitanda cha kukunja na kabati vyote vikiwa humo. Watoto hawakusoma, kwa sababu shule haisafiri. Mwaka 1875 George Smith wa Coalville, aliyekuwa amefanya kazi ya matofali tangu utotoni, alichapisha kitabu kuhusu hali yao, na kwa kelele zake Bunge likapitisha sheria ya mwaka 1877 ya kuzisajili na kuzikagua mashua za kuishi. Wenye mashua wengine walimchukia, wakaona amewadhalilisha mbele ya nchi nzima. Pande zote mbili zilikuwa na hoja. Kukagua nyumba ya maskini ni rahisi kuliko kumwongezea malipo.

Juu ya malango, pale Bulbourne, kuna karakana za matofali mekundu zenye mnara mdogo. Humo mafundi walichonga milango ya malango kwa mbao za mwaloni, kwa kuwa mlango hudumu robo karne hivi kisha huoza na kutakiwa kubadilishwa. Kazi hiyo sasa imehamishiwa kwingine. Kutoka hapo mfereji unazama katikati ya kilima, kwenye mkato wenye urefu wa zaidi ya kilomita mbili, miti imeinama pande zote mbili na jua halifiki vizuri. Ulichimbwa kwa sururu, koleo na toroli katika miaka ya 1790.

Sasa linganisha na mkato wa pili ulio jirani, ule wa reli. Robert Stephenson, mhandisi wa reli ya London na Birmingham, aliamua kwamba njia yake isiwe na mteremko mkali kuliko mita 1 kwa kila mita 330. Magarimoshi ya wakati huo yalikuwa dhaifu. Uamuzi huo uliandikwa kwa kalamu ofisini, na gharama yake ikabebwa na vibarua hapa Tring: mkato wa kilomita nne, na sehemu nyingine kina chake ni mita 18, kwenye mawe ya chaki. Chaki ilitolewa kwa toroli. Mbao zilitandazwa kwenye ukuta wa mkato, karibu wima; farasi juu ya kilima alivuta kamba iliyofungwa kwenye toroli, na kibarua alipanda nyuma yake huku akiishikilia isiyumbe. Farasi akiteleza au kamba ikilegea, mtu alilazimika kuisukuma toroli upande mmoja na kujitupa upande mwingine. Mchoraji John Cooke Bourne aliichora kazi hiyo wakati ikiendelea mwaka 1837, na picha yake inaonyesha wazi watu wadogo, wengi, wametapakaa kwenye ukuta mweupe. Ukipita na treni ya leo unaumaliza mkato huo kwa dakika moja na nusu au mbili, wala hujui umepita wapi.

Reli ilifunguliwa hadi Tring Oktoba 1837, na mwaka uliofuata ikafika Birmingham. Mfereji haukufa mara moja. Uliendelea kubeba makaa, nafaka na mbao kwa zaidi ya karne moja, kwa faida iliyozidi kupungua. Serikali iliuchukua mwaka 1948. Majira ya baridi ya 1962 na 1963 maji yaliganda kwa miezi, mashua zikakwama, na wateja wengi waliohamia malori hawakurudi tena.

Stesheni ya Tring iko peke yake mashambani, zaidi ya kilomita mbili kutoka mji wenyewe. Mwenye muda na aende mjini, kwa sababu huko kuna kitu kinachotuhusu. Walter Rothschild, mtoto wa familia ya mabenki, alipenda wanyama kuliko fedha, na mwaka 1892 alifungua jumba lake la makumbusho ya viumbe kwa umma. Aliwafundisha pundamilia kuvuta gari na akaliendesha barabarani London. Twiga wa Rothschild, yule wa Uganda na magharibi ya Kenya ambaye miguu yake haina madoa kuanzia magotini kwenda chini, amepewa jina lake. Alipofariki mwaka 1937 aliliachia taifa jumba hilo, na hadi leo liko wazi. Mtalii anayemlisha twiga huyo Lang'ata, Nairobi, anataja jina la mtu wa mji huu mdogo.

Turudi stesheni. Upande wa magharibi, mahali palipo na hoteli ya Pendley, palikuwa na kijiji. Kumbukumbu za zamani zinakieleza kuwa kikubwa, chenye majembe ya kukokotwa zaidi ya 13 na mafundi wa kila aina, wakiwemo washona nguo na washona viatu. Mwaka 1440 Robert Whittingham, mfanyabiashara wa London, alipata kibali cha mfalme cha kuzungushia uzio ekari 200 ziwe bustani yake ya wanyama. Watu wakaondolewa, nyumba zikabomolewa, ardhi ikawa malisho. Sijaona maandishi yoyote yanayosema walioondolewa walikwenda wapi. Kitu kimoja kimebaki. Ukitembea nusu saa hadi Aldbury na kuingia katika kanisa la Mtakatifu Yohana Mbatizaji, utalikuta kaburi la mwanawe, Sir Robert, aliyeuawa vitani Tewkesbury mwaka 1471. Amechongwa kwa mawe pamoja na mkewe, amevaa deraya, na miguu yake imekanyaga mtu wa porini mwenye manyoya. Kijiji kimepotea, aliyerithi ardhi yake ana sanamu.

Aldbury penyewe ni pazuri mno, na wapiga filamu wamepatumia mara nyingi. Katikati kuna bwawa la bata, nyumba za mbao na matofali, na uwanja mdogo wa majani. Kwenye uwanja huo bado imesimama mbao yenye matundu ya kubana miguu ya wakosaji, pamoja na nguzo ya kuchapia viboko. Watu hupigia picha hapo. Wakosaji hao wengi walikuwa maskini waliozurura, walevi, na wezi wa vitu vidogo. Desemba 1891, karibu na kijiji hiki, walinzi wawili wa wanyama waliuawa usiku na wawindaji haramu, vibarua wa hapa hapa. Mwandishi aliyejulikana kwa jina la mumewe, Mrs Humphry Ward, alikuwa anahamia jumba la Stocks pembeni ya kijiji, na kisa hicho akakitumia katika riwaya yake ya mwaka 1894, Marcella. Kila aliyeisoma alijua kwamba suala halikuwa ndege wa kuwindwa. Lilikuwa ni nani anayeruhusiwa kuingia msituni.

Kutoka Aldbury njia inapanda moja kwa moja ndani ya msitu. Miti ni mirefu, gome lake ni laini na la kijivu, na mwishoni mwa Aprili maua ya buluu hutandaza sakafu nzima. Juu kabisa kuna nguzo ya mawe yenye urefu wa mita 33, iliyojengwa mwaka 1832 kumkumbuka Francis Egerton, Duke wa tatu wa Bridgewater. Ngazi zake ni 172, na siku zinapofunguliwa mtu hupanda hadi juu na kuliona bonde lote alilolipitia.

Bwana huyu, mmiliki wa Ashridge, ndiye aliyeanzisha zama za mifereji. Alikuwa na migodi ya makaa Worsley, kaskazini, na barabara mbovu kati ya migodi hiyo na Manchester. Mwaka 1761, akisaidiwa na James Brindley, alifungua mfereji wake, na bei ya makaa Manchester ikashuka karibu nusu. Alikopa kila alipoweza kukopa, akapunguza matumizi ya nyumbani, hakuoa, na alifariki mwaka 1803 akiwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa nchi. Mtu aliyepunguza bei ya makaa ya maskini wa Manchester anastahili nguzo. Nasema hivyo kwa moyo wote, kwa sababu kinachofuata kinahusu walioirithi mali yake.

Kusini-mashariki ya nguzo, msitu unafunguka na kuwa uwanda mpana wa nyasi, miiba yenye maua ya njano na magugu ya kahawia. Huu ndio uwanda wa malisho wa Berkhamsted. Kwa karne nyingi ardhi hii ilikuwa na mwenyewe kisheria, lakini watu wa mji na vijiji jirani walikuwa na haki juu yake: kulisha mifugo, kukata miiba ya kuwashia tanuri, kukusanya magugu ya kulalia wanyama. Katika miaka ya 1860 umiliki ulitoka kwa Duchy ya Cornwall, mali ya mrithi wa kiti cha ufalme, ukaingia mikononi mwa Earl Brownlow, mrithi wa Ashridge. Alikuwa kijana mgonjwa wa kifua kikuu, na mambo mengi yaliamuliwa na mama yake, Lady Marian Alford. Waliutaka uwanda uwe sehemu ya bustani yao. Wakauahidi mji kiwanja kidogo cha michezo kama fidia. Kisha, Februari 1866, wakasimamisha uzio wa chuma wenye urefu wa futi tano, mistari miwili, bila kuacha pengo la mtu kupita. Zaidi ya ekari 400 zikawa ndani.

Aliyewapinga alikuwa jirani yao, Augustus Smith, mwenye jumba la Ashlyns na haki ya malisho kwenye uwanda huo. Alikuwa tajiri, amewahi kuwa mbunge, na alishikilia kwa mkataba visiwa vyote vya Scilly. Wanasheria wake walimweleza jambo la msingi: uzio uliowekwa kinyume cha haki ya mtu, mtu huyo anaweza kuuondoa mwenyewe, ilimradi asiuharibu zaidi ya inavyohitajika. Basi wakapanga treni.

Usiku wa tarehe 6 Machi 1866, vibarua wapatao 120 walikusanywa London, watu wa aina ile ile waliochimba mikato ya Tring, wakiwa na nyundo, patasi na mitaimbo. Treni maalumu ikatoka Euston baada ya saa sita usiku na kuwashusha stesheni ya Tring saa 7:30. Wakapanga mistari, wakaupanda mlima kimya kwa miguu, na wakaanza kazi. Kufikia saa 12 asubuhi uzio wote ulikuwa umeng'olewa na kupangwa chini kwa mafungu, chuma juu ya chuma, bila kuvunjwa ovyo. Watu wa Brownlow walipofika walikuwa wamechelewa. Habari zikaenea mjini, na watu wakaja kwa magari ya farasi na kwa miguu, wakatembea juu ya uwanda na kukata vijiti vya miiba kurudi navyo nyumbani, kuthibitisha kwamba haki yao bado ipo.

Kesi ikafuata. Brownlow alimshtaki Smith kwa kuvamia, Smith akashtaki kwa kunyang'anywa haki ya malisho. Earl kijana alifariki mwaka 1867 kabla haijaisha, mdogo wake akairithi pamoja na mali. Mwaka 1870 mahakama ikaamua kwamba uwanda usizungushiwe uzio. Kesi hii, pamoja na nyingine chache za miaka hiyo, iliwapa nguvu waliokuwa wanatetea ardhi za wote nchini kote, na baadhi ya watu hao hao ndio waliokuja kuanzisha shirika la hifadhi la National Trust mwaka 1895. Shirika hilo lilinunua sehemu kubwa ya Ashridge katika miaka ya 1920, familia ilipoiuza, na sasa mtu yeyote huingia.

Ningependa kumwacha Smith hapo akiwa shujaa, lakini historia hairuhusu. Mwaka 1855, miaka 11 kabla ya usiku ule, aliwahamisha wakazi wa mwisho wa kisiwa cha Samson huko Scilly na kukifanya bustani ya paa. Kule alikuwa mwenye ardhi, huku alikuwa mwenye haki ya malisho, na kila mahali alitetea upande wake. Waliosafiri kwa treni ile usiku walilipwa ujira wa kutwa na majina yao hayakuhifadhiwa. Nadhani haki ya Berkhamsted iliokolewa zaidi na sheria iliyokuwepo tayari, na watu wa mji waliokuwa wakiitumia kila siku, kuliko na wema wa tajiri yeyote. Samson hapakuwa na sheria kama hiyo, wala mji.

Juu ya uwanda huo huo, kama ukiangalia kwa makini kati ya miiba, utaona mitaro iliyopindapinda, sasa imejaa majani. Hayo ni mahandaki ya mazoezi. Kati ya 1914 na 1918 maelfu ya wanaume wa kikosi cha wanasheria wa London walifundishwa hapa kuwa maafisa, wakachimba maili nane za mahandaki, kisha wakapelekwa Ufaransa. Zaidi ya 2,000 hawakurudi. Graham Greene, aliyezaliwa Berkhamsted mwaka 1904, alikua akiuzurura uwanda huu, na baadaye akauingiza katika riwaya yake ya The Human Factor. Mtoto wa uwanda ulioponea chupuchupu kufungwa alifika Kenya mwaka 1953 kuandika habari za vita vya Mau Mau, mapambano ambayo mzizi wake ulikuwa ardhi.

Mteremko wa mwisho unakushusha hadi kwenye ngome ya Berkhamsted. Mwaka 1066, baada ya vita vya Hastings, wakuu wa Waingereza walikuja Berkhamsted kumsalimu William wa Normandy na kumkabidhi nchi. Ngome ya udongo na mbao ikajengwa, baadaye ya mawe. Thomas Becket aliishika alipokuwa waziri mkuu wa mfalme, na mwaka 1216 majeshi ya mwana wa mfalme wa Ufaransa yakaizingira na kuiteka. Iliachwa mwishoni mwa karne ya 15. Reli ilipokuja, Stephenson aliijenga juu ya tuta linalopita mlangoni mwake, likafunika lango la zamani la nje, ingawa Bunge lilikuwa limeamuru kwamba kuta zenyewe zisiguswe. Kwa hiyo ukisimama ndani ya ngome, treni zinapita juu ya kichwa chako, na stesheni iko hatua chache tu. Chini yake, upande wa pili, ni mfereji ule ule wa asubuhi.

Msomaji uliyeko London, Luton au Milton Keynes, au mwenye ndugu huko wa kumtembelea, nenda ukaitembee. Chukua ramani ya karatasi, viatu visivyoogopa tope, na maji ya kunywa. Katika mashamba fuata njia iliyochorwa na ufunge kila geti unalolipita, maana haki ya kupita haikupi ruhusa ya kuwaachia kondoo wa mwenzio. Na ukikuta njia iliyo kwenye ramani imezibwa kwa waya au imelimwa, iandikie halmashauri ya kaunti husika: kuifungua ni wajibu wao kisheria, na wanatakiwa kukujibu hata kama wewe ni mgeni.